Milimita Moja

Kompyuta inaniuliza: ninyooshe?
Ntyuka, karatasi ya kumi na saba,
skeli moja kwa elfu mbili na mia tano.
Mstari unakuja umenyooka kama uzi wa fundi mwashi,
halafu, kati ya bikoni ya nane na ya kumi,
unapinda.
Kidogo tu. Kama mtu aliyeguswa bega.

Kwa skeli hii milimita moja
ni mita mbili na nusu za ardhi,
hatua tatu za mtu mrefu.
Baba yangu Chihoma alikuwa mrefu.

Kazi yake ilikuwa kusimama.
Walimwita mshika fimbo, na fimbo yenyewe nyekundu, nyeupe,
nyekundu, nyeupe, hadi juu ya kofia yake.
Kushoto. Kushoto tena. Rudi. Hapo hapo!
Aliposimama pakawa nukta,
nukta kwa nukta pakawa mstari,
mstari ukawa barabara yenye jina la mtu mwingine.
Kwenye ufunguo wa ramani kuna alama ya reli,
ya kisima, ya kanisa, ya msikiti, ya shamba la mizabibu.
Ya mshika fimbo nimeitafuta.

Kusoma hakujua, lakini kontua alizijua kuliko mwalimu wangu.
Nilikuwa nalia na mlima Imagi daftarini,
duru ndani ya duru, kitunguu kilichokatwa.
Akasema: fikiria mvua, ila si hii yetu ya Dodoma.
Maji yapande hadi kiunoni mwa mlima, yatulie;
pale yanapoacha takataka zake, chora.
Yapande tena. Chora.
Kisha mshukuru Mungu kwamba ni daftari tu.

Kabla ya wapimaji ilipita ndege.
Ilipiga picha kiangazi, saa sita,
kila kivuli kimejikunja chini ya mwenyewe.
Na tembe la bibi Sechelela paa lake udongo,
kuta zake udongo, ua wake udongo uliofagiwa.
Kutoka juu, ambako ramani zote hutazamia,
nyumba ya watu kumi na mmoja na ndama wawili
ilikuwa na rangi ya hapana kitu.
Mtu akaandika juu yake, kwa wino mzuri: pori.

Basi mstari ukachorwa mezani, kwa rula safi,
ukapita katikati ya ghala la uwele.

Siku ya kuusimika ulivuma upepo wa Agosti.
Wanaoujua hawahitaji maelezo.
Vumbi likasimama baina ya fimbo na darubini,
mpima Rweyongeza akatoa leso, akainama kufuta kioo,
na baba
(yeye hakunisimulia kamwe, alinisimulia mama,
aliyekuwa mlangoni na ungo)
baba akahama. Moja. Mbili. Tatu.
Akaisimika fimbo wima, wima kabisa,
maana uongo ukiegama huonekana.

Vumbi likatua.
Mpima akaweka jicho kwenye kioo, akakaa nalo
hadi jasho la baba likavuka nyusi.
Akatazama daftari lake. Akatazama tembe,
lile ambalo picha ilisema halipo;
kuku mmoja alikuwa anaparua paani.
"Haya," akasema. "Mimina zege."

Tembe lilianguka lenyewe, masika ya mwaka niliomaliza la saba.
Bibi alikwishatangulia.
Sasa pana duka la vocha na fundi pikipiki,
na bodaboda wakifika pale hupunguza mwendo,
wanainama upande, wanainuka,
hawajui wanampisha nani.

Kompyuta bado inasubiri. Kosa la upimaji,
inasema, kwa herufi nyekundu. Ninyooshe?

Nimeandika kwenye safu ya maelezo:
Bikoni ya tisa imehakikiwa uwandani.
Ipo mahali pake.